Mtoto Huitwa Kabla ya Kuweza Kuitika

Masomo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, 1 Samweli 3:1-10



Kila tunapobatiza watoto wachanga, Padri humpokea mtoto mikononi na kumwita kwa jina lake. Mtoto haitiki. Mara nyingi huwa amelala, na akiamka ni kwa sababu ya ubaridi wa maji. Wasimamizi wake humjibia maswali yote, nasi sote twasema Amina. Wako ndugu zetu wa madhehebu mengine hapa Chamazi ambao hutuuliza: mwamwita nani, hali hajui hata jina lake? Swali hilo si la dharau, nasi twapenda kulijibu leo kwa njia ambayo huenda hawakuitazamia, yaani kwa kutazama jinsi mtoto anavyojifunza kusema. Sisi tulioyamaliza maisha ya kazi katika vyuo vya ualimu tulilipenda somo hilo kuliko mengine, na tangu kustaafu tumezidi kulisoma, maana sasa hatuna mitihani ya kusahihisha.

Tuanze na siku za kwanza kabisa. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walieleza jinsi walivyowachunguza watoto wasiozidi siku tatu tangu kuzaliwa. Waliwapa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine ya sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake, na akinyonya kwa mwendo mwingine alisikia sauti ya mama wa mtoto mwingine. Watoto wale, wa siku mbili tatu tu, walibadili unyonyaji wao ili waisikie sauti ya mama yao. Ndugu, mtoto anatoka tumboni akiwa tayari ameijua sauti. Msomaji wa Injili ya Luka hatashangaa sana, maana alikwisha soma habari za Elisabeti, ambaye kitoto kilichokuwa tumboni mwake kiliruka aliposikia salamu ya Mariamu. Mwinjili hakusema kitoto kiliyafahamu maneno. Alisema kiliruka.

Kisha, mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees huko Kanada walionyesha jambo jingine. Mtoto wa miezi sita hadi minane aliyezaliwa katika nyumba ya Kiingereza aliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wake hawakuweza kuzitofautisha kabisa. Lakini alipokaribia mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Kwa hiyo mtoto wa miezi sita ni kama mtu aliyesimama Yerusalemu siku ya Pentekoste, masikio yake yamefunguliwa kwa kila taifa. Anapofika mwaka mmoja amekwisha kuwa mtu wa nyumba fulani. Amechagua? La hasha. Amechaguliwa na wale waliosema naye.

Hapa tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo, kwa kuwa ni Kiswahili chetu wenyewe. Mtaalamu mmoja aitwaye Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi waliokuwa wakijifunza Kiswahili nyumbani, akatoa kitabu mwaka 2005. Aliona kwamba watoto hao waliacha sehemu za kitenzi, lakini hawakuziacha ovyo ovyo. Mara nyingi waliacha kiambishi cha nafsi kinachotangulia. Pale ambapo mkubwa angesema "imetoka," mtoto husema "metoka." Pale ambapo mkubwa angesema "atakuja," mtoto husema "takuja." Lakini ile irabu ya mwisho wa kitenzi, ambayo wanafunzi wageni wa lugha yetu huikosea daima, mtoto haiachi. Mama aliye jikoni Mbande ayajua haya yote bila kitabu, ila pengine hajayatazama kama utaratibu. Yeye husema tu kwamba mtoto bado hajanyooka ulimi. Ulimi wake umenyooka sana. Anajenga nyumba, naye ameanza na nguzo anazoziweza.

Msikilizeni pia mtoto wa miaka mitatu anapokataa kwamba amekula. Atakuambia "sikukula." Walimu wa Kiswahili hukunja uso, maana sanifu ni "sikula." Lakini jiulizeni amelipataje neno hilo. Amesikia "sikulala," "sikusoma," "sikuenda." Amesikia pia "nakula," "nimekula," "nitakula," akaona neno lenyewe ni "kula." Basi akaunganisha kama fundi: si, ku, kula. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha kanuni ya ukanushi wa wakati uliopita. Ameichimbua mwenyewe kutoka katika mazungumzo ya watu, akiwa bado hajui kufunga vifungo vya shati. (Wapo watu wazima wasemao "sikukula" mpaka leo, nao ni wazee wa kuheshimiwa, hatuwataji.) Mwenyezi Mungu alipowaleta wanyama mbele ya Adamu ili aone atawaitaje, alikuwa anamwachia mwanadamu kazi anayoiweza. Kazi ile ile hufanyika katika kila chumba cha kupanga kuanzia hapa mpaka Mbagala Rangi Tatu, kila siku, nasi twapita bila kuvua kofia.

Sasa basi, kama mtoto ana akili namna hiyo, je, atajifunza hata tusiposema naye? Hili ndilo jambo lililotufanya tuandike.

Wako wanaosema: babu zetu hawakuzungumza na vitoto vichanga, nasi twasema vizuri. Hoja hiyo ina uzito, wala si ya kupuuzwa. Kati ya mwaka 1974 na 1976 Robert LeVine wa Marekani na wenzake walikaa katika nchi ya Wagusii, magharibi mwa Kenya, wakiwatazama akina mama na watoto wao, kisha wakawalinganisha na akina mama wa Boston. Mama wa Boston alizungumza na mtoto mchanga kama vile anazungumza na jirani. Mama wa Kigusii alimnyonyesha upesi alipolia, alimshika na kumtuliza, lakini hakumsemesha sana. Kazi yake, kama alivyoiona, ilikuwa kumtunza mtoto awe mzima na mtulivu. Hata hivyo watoto wa Kigusii walikuwa wakawa wasemaji. LeVine mwenyewe aliwaonya wenzake wa Ulaya na Marekani wasidhani kwamba malezi yao ndiyo kipimo cha dunia nzima.

Lakini tutazame mtoto yule wa Kigusii alikuwa wapi. Alikuwa mgongoni mwa dada yake, na dada yake alikuwa katikati ya watoto wengine. Bibi alikuwa kibarazani. Watu walipita, wakasalimiana, wakagombana, wakaitana kutoka shamba hadi shamba. Mama hakusema sana kwa sababu ua mzima ulisema. Ndivyo ilivyokuwa hata huku kwetu, Chamazi ilipokuwa bado mashamba ya mikorosho na minazi na nyumba za hapa na pale. Mtoto alikuwa wa watu wengi.

Leo hali imebadilika, nasi hatusemi hivi kwa kuwalaumu vijana. Kijana amenunua kiwanja kwa jasho, amejenga vyumba viwili, amezungusha ukuta na kuweka geti, maana wezi wapo. Saa kumi na moja alfajiri yeye na mkewe wako kituoni wakigombania daladala ya kwenda Rangi Tatu, na kutoka huko hadi Kariakoo au Posta. Wanarudi saa mbili au saa tatu usiku. Mtoto waliyemwacha amelala wanamkuta amelala. Bibi yuko Masasi au Muheza. Ndani ya ule ukuta amebaki mtoto, binti wa kazi wa miaka kumi na saba, televisheni, na pengine simu iliyovunjika kioo.

Televisheni inasema sana. Simu pia inasema. Je, hizo haziwezi kuchukua nafasi ya ule ua wa zamani? Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walitoa jibu ambalo tungependa kila mzazi alijue. Waliwachukua watoto wa miezi tisa kutoka nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilikaa na watu waliosema Kichina, wakacheza nao na kuwasomea vitabu, mara kumi na mbili tu. Watoto hao wakaweza kutambua sauti za Kichina kama watoto waliozaliwa Taiwan. Kundi jingine likaonyeshwa watu wale wale, wakisema maneno yale yale, lakini katika televisheni. Hawakujifunza kitu. Sauti ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni mtu ambaye mtoto akimtazama, naye humtazama. Mtoto akinyosha kidole, naye hugeuka kuona kilichoonyeshwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mwaka 2019, nalo halishauri kabisa kuwakalisha watoto wa chini ya miaka miwili mbele ya vioo hivyo. Na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Serikali yetu nayo ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Ndani ya programu hiyo, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi, limo jambo linaloitwa malezi yenye mwitikio. Tunalipenda neno hilo kwa sababu ya mzizi wake. Kuitika! Mtoto hutoa sauti, mtu mzima huitika. Mtoto hunyamaza, mtu mzima humwita. Hivyo ndivyo mtu anavyofanywa msemaji.

Sasa mfungue kitabu cha Samweli. Mtoto analala hekaluni, anaitwa kwa jina, anasikia vizuri kabisa, lakini hajui ni nani anayemwita. Mara tatu anakimbilia kwa Eli. Biblia inasema wazi kwamba alikuwa bado hajamjua Bwana. Masikio yake yalikuwa mazima, na Bwana alisema kwa sauti, lakini isingalitosha kama pale jirani pasingalikuwa na mzee. Eli alikuwa mzee mwenye makosa mengi, macho yake yamefifia, na wanawe walikuwa wamemshinda. Lakini usiku ule aliamshwa mara tatu na mtoto, hakumfukuza kwa ukali, akafikiri, akaelewa, kisha akamfundisha maneno ya kuitikia. Tungetaka wazee wa parishi hii wasiojiona kuwa na kazi tena waisome habari hiyo polepole.

Na somo letu la kwanza, la Torati, halisemi mtoto apelekwe mahali fulani akafundishwe kwa saa maalumu. Latutaka tuseme na watoto tukiwa tumeketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiondoka. Twaona Musa hakutaja vifaa. Alitaja kuketi, njia, kulala na kuamka, mambo ambayo hata mwenye chumba kimoja anayo. Unapomwogesha mtoto, mtajie kiungo unachokiosha. Unapochambua mchele, mwambie hili ni jiwe, tunalitupa. Unapompeleka dukani kwa Mangi, mhesabie hatua. Akijibu kwa lugha yake isiyoeleweka, msubiri amalize, kisha mjibu kana kwamba ameeleweka. Dakika ishirini za asubuhi, kabla ya kuondoka, ni kitu. Tunajua kuna wasionazo hata hizo.

Kwa hiyo tufike kwa yule binti wa kazi. Tunasema bila kificho kwamba katika nyumba nyingi za Wakristo wa mtaa huu yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto, naye ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote na kufokewa kuliko wote. Mtoto hujifunza lugha kutoka kwa anayeshinda naye. Kama binti anaogopa kufungua kinywa chake mbele ya wenye nyumba, kama ameambiwa kazi yake ni kufua na kunyamaza, basi mtoto ananyamaziwa kutwa. Mpeni ruhusa ya kuongea, kuimba na kusimulia hadithi za kwao. Kama lugha ya kwao ni Kigogo au Kihehe na mtoto akachota maneno mawili matatu, hakuna hasara. Na Jumapili mama akiwa kwaya na baba akiwa katika Halmashauri ya mtaa, huyo binti yuko wapi? Aende Ibada ya kwanza, mama aje ya pili. Mpango huo hauhitaji kikao.

Juu ya lugha tuna neno jingine, na tunajua litawaudhi baadhi ya wazazi. Siku hizi imezuka fahari ya kumsemesha mtoto Kiingereza tangu utotoni, hata na mzazi ambaye Kiingereza chenyewe chamwisha baada ya sentensi mbili. Hatukipingi Kiingereza, tumekifundisha kwa miaka mingi. Lakini baba anayemwambia mwanawe "come, eat, sit" na kuishia hapo, hali kwa Kiswahili angeweza kumsimulia safari ya Kilwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, amempa mtoto mifupa na kujiwekea nyama. Mtoto anaweza kubeba lugha mbili, hata tatu. Watoto wa Kilifi hukua na Kigiriama na Kiswahili bila kuugua. Kinachomdhoofisha ni lugha ya kubana matumizi.

Tukiwa bado Kilifi, kuna kazi iliyofanyika huko ambayo ilitupa furaha. Katie Alcock na wenzake walitaka kujua watoto wadogo wanaosema Kigiriama na Kiswahili wanajua maneno mangapi. Mahali pengine mzazi hupewa orodha ya maneno aijaze mwenyewe. Kule wengi wa akina mama hawakujua kusoma, hivyo waliulizwa kwa mdomo, neno kwa neno: je, mtoto wako huelewa hili? Hulisema? Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mama asiyejua kusoma aweza kutoa habari za kuaminika juu ya lugha ya mtoto wake. Mama wa kijijini anamjua mtoto wake. Tunayaandika haya kwa ajili ya akina mama wa parishi yetu ambao hukaa nyuma na kusema wao hawakusoma, waulizwe waliosoma.

Na pia tunayaandika kwa ajili ya yule mama ambaye mtoto wake amefika miaka miwili na nusu au mitatu na bado hasemi. Yupo katika kila mtaa. Anajua kwamba majirani wanahesabu. Ameambiwa amelogwa, ameambiwa alimnyoa mtoto mapema, ameambiwa ni dhambi ya mumewe. Mtu mmoja alimwambia amlishe kitu ambacho hatutakitaja hapa. Ndugu, mambo hayo yakome kati yetu. Watoto hawaanzi kusema siku moja wote, na wengine huchelewa kisha wakawapita wenzao. Lakini zipo sababu za kweli ambazo hospitali inaweza kuzitafuta. Huko Kilifi, Julie Carter na wenzake waliwapima watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani au iliyoleta degedege kali, na mwaka 2005 wakaeleza kwamba karibu robo yao walibaki na kasoro fulani, mara nyingine katika lugha; kati ya watoto ambao hawakuugua hivyo, ilikuwa kama mmoja katika kumi. Chandarua basi si cha kumlinda mtoto na homa tu. Kinalinda na maneno yake.

Sababu nyingine ni masikio. Mtoto asiyesikia hucheka, hucheza, hutii ishara, hata wazazi wasitambue kwa muda mrefu. Mpigie kofi nyuma yake akiwa hakuoni. Akiwa hageuki, nenda kliniki, omba upelekwe panapopimwa usikivu, wala usikubali kuambiwa tu subiri. Ikiwa ni kiziwi, ana akili ile ile tuliyoieleza hapo juu, ya kujenga lugha kwa nguzo. Ila yeye huijenga kwa macho na mikono, naye anahitaji watu wa kumwashiria mapema kama vile wengine wanavyohitaji watu wa kuwasemesha. Shule ya Viziwi Buguruni, iliyoanza mwaka 1974, haiko mbali nasi. Wazazi wake na ndugu zake wajifunze alama pamoja naye, asiwe mgeni mezani kwao.

Katika Injili ya Marko, watu walimletea Bwana Yesu kiziwi mwenye utasi. Hakuja mwenyewe, aliletwa. Bwana akamtenga na mkutano, akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akatazama juu. Yaani kabla ya kutamka Efatha, neno ambalo mtu yule hangeweza kulisikia, alisema naye kwa lugha aliyoweza kuiona.

Umoja wa Mama umekubali kuwatembelea wazazi wenye watoto wa namna hiyo, wawili wawili, siku za Jumatano. Nao wahudumu wa kanisa tunawaomba jambo moja dogo: mama huyo ajapo Ibadani na mtoto wake, asielekezwe mlangoni kwa kuogopa kelele. Apewe nafasi benchi la mbele upande wa kulia, mahali ambapo mtoto ataona midomo na mikono ya Padri.